Bawabu Asiyesikiliza

Je, kazi ya kumpokea mtu mlangoni yaweza kuachiwa mashine? Swali hili si la mafundi peke yao. Katika seva ya pamoja, yaani kompyuta moja itunzayo kazi za watu wengi, kila aingiaye hupewa akaunti: jina lake, namba yake, neno lake la siri, na chumba chake asichoingia jirani. Mtunzaji aliyafanya hayo kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Siku hizi huandika amri mara moja, na programu huwafungulia watu mia kabla hajamaliza kikombe cha kahawa.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mbele ya mlango, mahali mgeni apigapo hodi na kungoja. Huulizwa: u nani, watoka wapi, wamtaka nani? Asiyeeleweka kwa neno la kwanza huenda akaeleweka kwa la tatu. Programu nayo huuliza, lakini haingoji neno la tatu.

Sifa zake tuzitaje kwa haki. Haichoki, haipokei rushwa, wala haimpendelei mpwa wa mkubwa. Mtu aandikaye akaunti mia kwa mkono huenda akakosea ya tisini, na kosa moja katika seva ya pamoja laweza kumfungulia mtu barua za mwenziwe. Wako watakao kazi hii irudi mikononi. Mimi si mmoja wao.

Lakini tazama yaliyotokea katika shule zetu. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha mfumo wa kompyuta ulioitwa NEMIS, ili kila mwanafunzi apewe namba yake. Mfumo ulidai cheti cha kuzaliwa, na baadaye fedha za serikali kwa shule zikafuata hesabu ya walioandikwa humo. Mfikirie mtoto aliyezaliwa nyumbani Kizingitini au Kiwayu, mikononi mwa mkunga wa kijiji, akakua bila cheti. Aliketi darasani akionekana na kila mtu. Mwalimu alimjua kwa jina, kwa sauti, hata kwa mwandiko, wala hakuwa na mahali pa kuuandika ujuzi huo.

Ni nani aliyemkataa? Mwalimu atasema, si mimi, ni kompyuta. Ofisa naye atasema vivyo hivyo. Kumbe mkataaji yupo. Ni yule aliyeketi mezani akaamua kuwa pasipo cheti hapana namba, akawahukumu watoto asiowaona. Huenda alikuwa na sababu njema, maana wanafunzi wa uongo hula fedha za kweli. Hata hivyo anadaiwa na sharti lake: aweke kando ya mashine mtu ajulikanaye, mwenye idhini ya kusikiliza na kufungua.

Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya hawakuukataa usajili wa kompyuta. Walitaka kwanza ziwekwe kanuni kamili, nao waliona kuwa wako wananchi wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa vitambulisho.

Huenda wewe usomaye utaandika programu ya namna hii siku moja. Mstari usemao, akiwa na cheti mfungulie, utauandika kwa dakika moja. Ule uanzao na “asipokuwa nacho” utakuchukua mchana kutwa.