Aliyeitikia Yuko Wapi?

Bibi yangu aliisikiliza remiksi ya wimbo wake mara moja tu, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, spika ndogo ya binamu yangu ikiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ilipoisha aliuliza swali moja: "Aliyeitikia yuko wapi?"

Binamu yangu ana chumba cha kurekodia pale Maganzo, wilayani Kishapu, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Kwenye simu alikuwa na sauti ya Bibi na rafiki yake wakiimba wakati wa palizi ya pamba, mmoja akianza, mwingine akiitikia. Akaibakiza sauti ya Bibi, akaweka ngoma nzito chini yake na kinanda juu yake, kisha akauondoa mwitikio kwa sababu, alisema, ulikuwa unachelewesha biti. Mimi, msomi wa ukoo, niliombwa niandike maelezo ya kuusindikiza wimbo. Niliandika kwamba wimbo wa zamani umepewa uhai mpya. Rekodi ya mwanzo sikuwa nimeisikia.

Sikuisikia hata baadaye. Binamu alikuwa ameshaifuta ili simu ipate nafasi. Na yule rafiki yake Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: anayesifu remiksi anawajibika kwa nani?

Mimi ni mpenzi wa remiksi. Mwaka 1998 bendi ya posti-roki ya Mogwai, kutoka Glasgow, Uskoti, ilitoa albamu ya remiksi iliyoitwa Kicking a Dead Pig, yaani kumpiga teke nguruwe aliyekwisha kufa. Jina lenyewe linaikejeli kazi kabla mhakiki hajafungua mdomo. Wahakiki waliipokea kwa hisia mchanganyiko: kipande alichokishughulikia Kevin Shields kikapata sifa, vingine vikaonekana havina ulazima. Mabishano ya namna hiyo ni mepesi, na yana haki ya kuwa mepesi. Albamu ya mwanzo, Young Team ya mwaka 1997, ipo. Asiyependa remiksi anarudi kwenye asili yake, na hakuna aliyepoteza kitu.

Kwetu Usukumani nako wimbo haukuwahi kuwa kitu cha kabatini. Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, kila kundi likiwa na manju wake, na hukumu hutolewa kwa miguu: watazamaji huhamia upande unaowavutia, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju asiye na jipya huachwa na vumbi lake. Kwa hiyo binamu yangu aliponijibu kwamba vijana wa Maganzo sasa wanaucheza wimbo ambao jana hawakuujua, na kwamba bila yeye ungekufa na simu ile, sikuwa na ubishi. Alisema kweli. Kwa kipimo cha uwanjani, ameshinda.

Lakini kipimo hicho kina sharti tunalolisahau. Uwanjani makundi yote mawili yapo. Mtazamaji anayewaacha Wagalu na kuwafuata Wagika amewaona wote, na kesho anaweza kurudi. Umati wa Maganzo haukuchagua kati ya nyimbo mbili. Ulipewa mmoja.

Kutoka Maganzo si mbali na mgodi wa Mwadui. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson wa Kanada, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipokatwa na kung'arishwa zilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya kipini chenye umbo la ua. Zaidi ya nusu ilikwenda na kisu, na jiwe likabaki na jina la Williamson. Sisemi jiwe lingebaki gumu na chafu; almasi hukatwa ndipo ing'ae. Nasema tu kwamba anayekata kitu kisicho na nakala hana ruhusa ya kukosea, na anayesifu mng'ao anapaswa kuuliza kwanza kilichobaki mezani ni kiasi gani.

Hapo ndipo ninapomtofautisha Mogwai na Bibi. Asili ikiwepo, remiksi ni maoni, na uhakiki ni maoni juu ya maoni. Asili ikitoweka, remiksi inageuka ushahidi pekee, na aliyeitengeneza anakuwa mtunza kumbukumbu apende asipende. Na mimi niliyeisifu bila kuuliza nilitia muhuri kwenye ushahidi uliokatwa. Binamu hakujua kwamba anafuta sauti ya mwisho ya mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza.

Nimeyaandika upya yale maelezo. Sasa yanataja majina mawili, na yanasema wazi kwamba wimbo huu ulikuwa wa sauti mbili na ya pili iliondolewa. Nilimsomea Bibi. Akasikiliza, akashukuru, akanyamaza kidogo.

"Jina umeliandika, mjukuu wangu," alisema. "Sasa yeye mwenyewe atasikika wapi?"

Nilimwomba aniimbie ili nirekodi upya. Akaanza, akafika mahali pa mwitikio, akaningoja mimi. Sikuyajua maneno.