Kama Haikuwa Kazi, Tumepoteza Nini?

Hapa Kakuma neno mshahara ni la wengine. Sisi tunapokea insentivu. Mkimbizi anayetafsiri kliniki, anayefundisha darasa lililojaa hadi mlangoni, anayezunguka bloku kwa bloku na ujumbe wa chanjo, kwenye karatasi ni mtu wa kujitolea anayepewa motisha. Ila anaamka mapema kuliko mwenye mshahara, maana yeye anatembea kwa miguu.

Basi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje na mashirika yakaanza kupunguza watu, swali likazuka: mtu anaweza kuachishwa kazi ambayo hakuwahi kuambiwa ni kazi?

Wapo wanaosema hapana. Insentivu ni shukrani, na shukrani haidaiwi. Upande wa pesa nawaelewa, zikiisha zimeisha. Hata ofisa aliyetuletea habari alikuwa anasubiri barua yake mwenyewe.

Lakini mkalimani mmoja, Mkongo mwenzangu, alikaa kliniki miaka sita. Alijifunza kumpa mgonjwa habari mbaya bila kupunguza wala kuongeza, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Siku ya mwisho akapewa cheti cha kushiriki. Kushiriki! Kama vile alikuja semina akanywa soda akaondoka. Mwajiri wa Lodwar akisoma kile cheti ataona nini?

Deni ninalolidai mimi ni la ushahidi. Ukurasa mmoja tu: huyu alifanya hiki, miaka hii, tulimfundisha hivi, anaweza hivi peke yake. Hiyo haingoji mfadhili. Inataka bosi akae na mtu nusu saa kabla ofisi haijafungwa.

Vijana wananiuliza, barua bila kibali ni ya nini? Ni swali la haki. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaturuhusu kufanya kazi, lakini kupata kibali ni safari ndefu, na mimi siahidi kwamba barua italeta ajira. Kinachonitisha ni kingine. Kijana mmoja aliyekuwa akisajili wanafunzi kwenye kompyuta tulimwomba aandike anachojua. Akasema hajui kitu, "nilikuwa najitolea tu." Lile neno la kwenye karatasi lilikuwa limemwingia. Tukamuuliza swali moja moja, karatasi ikajaa mbele na nyuma.

Sasa sola ikiwa na chaji anawafundisha wasichana watatu kwenye laptopu ya kikundi. Anawatoza shilingi hamsini kwa somo, na majirani wanalalamika kwamba ni ghali.