Milki Isiyo na Hati

Wanasheria wana jawabu fupi kwa yule aulizaye nyumba ni ya nani: ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati, au aliyeipata kwa mirathi iliyo sahihi, au aliyeinunua kwa mali yake mbele ya mashahidi, na jawabu hilo lawatosha makadhi na watoza kodi, na bila ya hilo majirani wasingelala usingizi. Lakini ipo milki nyingine ambayo sheria haina daftari lake, nayo ni ile ya mtu aliyekaa mahali akiwa mtoto, akaondolewa, kisha akaendelea kukaa hapo kwa moyo wake mpaka mwisho wa umri. Je, milki hiyo ni kitu cha hakika, au ni njozi tu ya kujiliwaza? Suala hili halijibiki kwa maneno matupu. Lataka nyumba yenyewe, yenye kuta na wenyewe na madeni, na katika nyumba zote nizijuazo hapana ilifumbuayo vema kuliko ile iliyoko Cockermouth, mji mdogo wa kaskazini magharibi ya Uingereza, ambamo mshairi William Wordsworth alizaliwa tarehe 7 Aprili 1770.

Mgeni afikaye katika barabara kuu ya mji huo huitambua nyumba kabla ya kuonyeshwa, kwa kuwa ni kubwa na imesimama kwa fahari katika mji usiokuwa na fahari nyingi. Ilijengwa mwaka 1745 kwa ajili ya Joshua Lucock, mtu wa cheo katika jimbo la Cumberland, na baadaye ikaingia katika mikono ya Sir James Lowther, tajiri wa mashamba na migodi ya makaa, ambaye nguvu zake katika uchaguzi wa Bunge zilivuma, na ukali wake ukavuma zaidi. Baba wa mshairi, John Wordsworth, alikuwa wakili na msimamizi wa mambo ya Lowther, akakaa katika nyumba hiyo kwa sababu ya kazi yake, bila ya kuilipia kodi na bila ya kuimiliki. Humo walizaliwa watoto watano katika muda wa miaka sita: Richard mwaka 1768, William, Dorothy siku ya Krismasi ya mwaka 1771, John, na Christopher mwaka 1774. Watoto hawajui hati. Hapana mtoto aliyekimbia katika bustani akafikiri kwamba ukuta anaoupapasa ni wa bwana wa baba yake.

Waliosema kwamba cha kuazima hakisitiri walijua walilosema. Mama, Ann, alifariki mwaka 1778, kabla William hajatimiza miaka 8. Dorothy, mwenye miaka 6, akapelekwa Halifax kulelewa na jamaa za mama, na mwaka wa pili yake William akapelekwa shule ya Hawkshead. Mwishoni mwa Desemba 1783 baba naye akafa, kwa ugonjwa uliompata baada ya kupotea njia usiku wa baridi alipokuwa akirejea kutoka katika shughuli zake. Nyumba ikarudi kwa mwenyewe. Na huyo mwenyewe, juu ya kuitwaa nyumba yake kama ilivyokuwa haki yake, alikuwa akidaiwa na marehemu zaidi ya pauni 4,000, fedha ambazo John alizitumia katika kazi za bwana wake akitumaini kulipwa. Akakataa kuwalipa mayatima, na yapata miaka ishirini deni lile likakaa bila ya kulipwa, hata alipokufa mwaka 1802 mrithi wake akalilipa. Twaweza kusema, basi, kwamba kwa mujibu wa hati William Wordsworth hakuwa na haki katika nyumba ile hata ya tofali moja, naye akiwa na miaka 13 hakuwa na mlango wa kurejea wakati wa likizo ila mlango wa jamaa ambao hawakuficha kwamba alikuwa mzigo kwao.

Sasa tutazame lililofuata. Katika kipupwe cha mwaka 1798 kuamkia 1799, alipokuwa Goslar katika nchi ya Ujerumani, mgeni, hana marafiki wala lugha ya kutosha, alianza kuandika utungo mrefu wa maisha yake mwenyewe, ule uliotolewa baada ya kufa kwake mwaka 1850 kwa jina la The Prelude; na kitu cha awali kilichokuja katika kalamu yake kilikuwa mto Derwent, upitao nyuma ya bustani ya Cockermouth, pamoja na sauti yake iliyokuwa ikiingia katika usingizi wa mtoto. Miaka miwili mitatu baadaye, akikaa pamoja na Dorothy katika nyumba ndogo ya kupanga huko Grasmere, alitunga shairi juu ya kiota cha shomoro walichokitazama utotoni, na humo akaitaja nyumba kuwa ni ya baba yake. Mtu wa mahakama angemsahihisha. Mimi sithubutu. Na tukumbuke ya kuwa kila nyumba aliyokaa akiwa mtu mzima, mpaka ile ya Rydal Mount alimofia, ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu ambaye Waingereza humhesabu kuwa mshairi mkubwa kuliko wote wa nyumbani na wa mahali hakupata kukaa katika nyumba iliyokuwa yake kwa hati.

Nadhani jambo hili si ajali. Aliyebaki katika nyumba aliyozaliwa huiona kila siku mpaka haioni tena: huiezua, huigawa, huongeza chumba, hukata mti uliozeeka, na kila badiliko hufuta lililokuwako, hata akiwa mzee akiulizwa bustani ya utoto wake ilikuwaje hukuonyesha bustani ya leo. Aliyetolewa hana ruhusa ya kubadili kitu. Bustani yake imefungwa siku aliyoondoka, na kwa kuwa hawezi kuitumia, hana analoweza kuifanyia ila kuijua. Na kukijua kitu kwa miaka mingi bila ya kukitumia ni namna ya milki ambayo mwenye hati hawezi kuifikia, kwa sababu matumizi ni pazia. Laiti Lowther angaliwaachia mayatima nyumba ile, huenda Richard, mkubwa wao, aliyekuja kuwa wakili kama baba yake, angaliipangisha, na nduguze wangaliikumbuka kama mtu akumbukavyo kodi ya mwezi.

Lakini hapa fikira yangu yanitia hofu, na ni lazima niizuie kabla haijafika mahali pabaya. Maana akisikia hayo, mwenye nguvu aweza kujisifu: kama kunyang'anywa ndiko kunakompa mtu milki ya kweli, basi mnyang'anyi ni mfadhili! Hasha. Kumbukumbu haiondoi dhuluma, wala shairi si fidia. Nduguze wengine walidhulumiwa deni lile lile wala hawakuacha utungo. Dorothy alipitisha utoto na ujana katika nyumba za watu, akihesabu miaka ya kutengana na kaka zake, hata akakutana nao tena mwaka 1787. Na katika dunia hii wapo maelfu kwa maelfu waliotolewa katika majumba na mashamba yao, ambao wanakumbuka kila mti na kila kisima, wala hapana atakayejenga mlango wa wageni mahali pao. Nisemalo ni dogo kuliko hilo la mnyang'anyi, lakini ni thabiti: mdhalimu aweza kutwaa matumizi ya mahali asiweze kutwaa ujuzi wake, na ujuzi huo, akiwapo wa kuupa maneno, hudumu kuliko hati. Lowther alijulikana kwa milki zake. Leo wengi wanaolisikia jina lake hulisikia kwa sababu ya watoto aliowanyima haki yao.

Nyumba yenyewe ilipona kwa shida. Katika miaka ya 1930 ilinunuliwa na kampuni ya mabasi iliyokusudia kuibomoa ipate kiwanja cha kituo, na watu wa mji wakachanga fedha, wakaikomboa, na mwaka 1938 wakaikabidhi kwa National Trust, shirika ambalo kwa sheria ya mwaka 1907 laweza kuishika mali lisiruhusiwe kuiuza. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa tangu zamani twalo chini ya jina la wakfu: mali inayotolewa katika mzunguko wa kununua na kuuza, ikawa haina mwenyewe ila lile kusudi iliyowekewa. Naona uadilifu mkubwa katika mwisho huo. Nyumba ambayo mwenyewe wa kwanza aliijenga kwa fahari, wa pili akaitumia kama chombo cha utumishi, na wa mwisho akataka kuifanya kifusi, sasa haina bwana.

Mgeni aingiaye hupokewa na jambo linaloweza kumsikitisha, ingawa mimi nalipenda. Vyumba vimepangwa kama vilivyokuwa katika miaka ya 1770, jikoni mna moto na vyombo, na watoto wa leo huruhusiwa kushika karibu kila kitu. Lakini huruhusiwa kwa sababu vingi katika vitu hivyo ni mfano wa vya zamani, vilivyotengenezwa upya. Bustani nayo imepandwa maua, mboga, matunda na mitishamba ya namna iliyolimwa katika karne ile, nayo pia ni ya kupandwa upya. Na Novemba 2009 mto Derwent, ule ule aliousifu mshairi, ulifurika ukaiharibu, na Desemba 2015 ukafurika tena. Mgeni ana haki ya kuuliza: nimekuja kuona nini, ikiwa kikombe si kile, na mwaridi si ule?

Jawabu langu ni kwamba amekuja kuona kipimo. Maneno ya mshairi hutuambia mto ulikuwapo; hayatuambii jinsi ulivyokuwa karibu, kwamba kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye jukwaa la udongo lililo mwisho wa bustani ni mwendo wa mtoto mdogo, na kwamba nyuma ya ukuta wa jukwaa maji yanapita papo hapo, ya haraka na ya baridi. Msomaji aliyeyasoma mashairi mbali, kama walivyoyasoma wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki katika shule za zamani za Kiingereza, aghalabu hujijengea mandhari kubwa ya milima na upeo; akifika hapa huona kwamba mwanzo wa yote ulikuwa mahali padogo, penye kuta, ambapo sauti kubwa ilisikika kutoka upande mmoja. Kuta na mto na umbali baina yao havikuweza kunakiliwa, kwa hiyo ni vya asili. Kwetu Mombasa, Muyaka bin Haji twamfikia kwa mashairi tu, yaliyokusanywa katika karne ya 19 kwa bidii ya Mwalimu Sikujua aliyefanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, wala hatuna mlango wa kuupita tukapime umbali wa baraza yake na bahari. Na ingawa ushairi wake haupungukiwi na kitu kwa hilo, sisi twapungukiwa.

Nimesema hati, na nimesema mirathi, bado shahidi. Milki isiyo na maandishi huthibitika kwa ushuhuda, na shahidi wa William alikuwa Dorothy. Katika kitabu cha siku alichokiandika Grasmere, amesimulia jinsi asubuhi ya tarehe 14 Machi 1802, wakati wa kifungua kinywa, walivyozungumza juu ya vipepeo waliowakimbiza utotoni, naye akamwambia kaka yake kwamba yeye alikuwa akiogopa kuwapangusa vumbi la mabawa, kwa hiyo hakuwakamata. Na William, supu ikiwa mbele yake haijaguswa, akaandika shairi, na hofu ile ya dada ikaingia humo. Tambua ya kuwa aliyeileta ni yule aliyeondoka Cockermouth akiwa na miaka 6. Katika miaka yake ya mwisho, mpaka kufa kwake mwaka 1855, akili yake ilidhoofika kwa maradhi, na kaka yake alitangulia kufa akiwa ameupoteza ushuhuda huo miaka mingi kabla. Mtu akiniuliza namna ya kuizuru bustani ile, nitamwambia amtafute kwanza Dorothy, katika maua ambamo vipepeo hutua, kabla hajakwenda ukutani kusikiliza mto wa kaka yake.