Jina la Zamani, Chuma Kipya

Kwa desturi ya Waembu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Watoto wa kike nao hurithi majina ya bibi zao kwa utaratibu uo huo. Jina likishatolewa, watu wa nyumbani humfanyia mtoto utani na kumwamkia kama mzee mwenyewe. Nimepata kumsikia bibi kizee akimwita mjukuu wake wa miaka mitatu mume wake, akimwuliza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani, na nyumba nzima ikacheka. Lakini katika nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyedhani kwamba mtoto yule ndiye babu. Hapana aliyemdai deni la babu, wala aliyemtaka aeleze mambo ambayo babu aliyaona kabla yeye hajazaliwa. Jina lilikuwa limerudi. Mtu hakuwa amerudi.

Nataka kuitumia desturi hii kupimia jambo la motokaa. Huenda msomaji akashangaa kuona motokaa ikiletwa mbele ya kitu cha heshima kama jina la babu. Namwomba avumilie kidogo.

Viwanda vikubwa vya magari vimezoea kuyafufua majina yao ya zamani. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo injini yake ilikaa nyuma, iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka wa 2003, ya mwisho ikatoka Mexico. Lakini tangu mwaka wa 1998 ilikuwa imekwisha pata mrithi mwenye mgongo kama wake na injini mbele. Mini ya Waingereza iliyozaliwa mwaka wa 1959 ilirudi mwaka wa 2001 chini ya mabwana wa Kijerumani, nayo imenenepa. Fiat 500 ya mwaka wa 1957 ilirudi mwaka wa 2007. Watu wengine hufurahi kama waliofufuliwa jamaa. Wengine hukasirika kama walioibiwa kaburi. Nami nisingejali ugomvi wao kama usingalifika nyumbani kwa mjomba wangu.

Mjomba wangu anakaa Chogoria, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru. Kutoka mjini pale mpaka lango la hifadhi ya mlima ni mwendo wa kilomita 30 hivi, kupita msitu mnene, kisha mianzi. Mvua zikinyesha njia ile hugeuka tope la kumeza magurudumu, na kwa miaka mingi gari lililoaminiwa kuwapandisha wageni lilikuwa Land Rover ya zamani. Mjomba alikuwa nayo moja, iliyotoka kiwandani mwaka wa 1972. Aliinunua ikiwa imekwisha zeeka, mimi ningali mtoto wa kubebwa mgongoni, nami nimekua nikiisikia ikikohoa alfajiri.

Land Rover ile ilikuwa ya mwaka wa 1972 kwa namna gani? Hilo ndilo swali langu. Injini yake ya petroli ilikufa, ikatiwa injini ya dizeli ya Nissan iliyotoka katika pikapu iliyopinduka. Milango ilibadilishwa, wa kulia mara mbili. Springi zilibadilishwa, na sanduku la gia, na viti, na paa. Mwisho kutu iliingia hata katika mifupa yenyewe, ile ambayo mafundi huiita chesisi, ikakatwa na kuunganishwa kwa chuma kipya katika gereji ya jua kali huko Chuka. Sidhani kama theluthi moja ya gari lile ilipata kuiona Uingereza. Hata hivyo hapana mtu wa Chogoria aliyepata kusema kwamba mjomba amenunua gari jingine.

Wagiriki wa kale walilijua swali hili. Plutarch ameandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kutoa ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama merikebu ile ni ile ile au siyo. Mafundi wa Lamu, ambao pengine hawakusikia habari za Theseus, hufanya kazi hiyo hiyo kwa majahazi yao, nalo jahazi hubaki na jina lake. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza kitimbi: je, kama mtu mmoja aliziokota zile mbao kuukuu moja moja, akaziunga merikebu ya pili, ipi ndiyo ya Theseus? Nilipolisoma fumbo hili chuoni Kigari, juu kidogo ya mji wa Embu, nililiona kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Sikujua kwamba litakuja kwetu likiwa na fedha mkononi.

Lilikuja mwaka wa 2021. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia tangu mwaka uliotangulia. Wageni walikuwa wachache mno, na Land Rover ilisimama chini ya mparachichi. Binti wa mjomba alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na karo haikuwapo. Ndipo alipokuja mtu kutoka Nairobi, mwenye adabu na viatu safi, akaizunguka gari, akainama, akatazama ndani, kisha akasema kwamba haitaki. Alichotaka ni bamba dogo lenye namba, kipande cha chesisi ambacho namba ile imegongwa, na kitabu cha gari. Vingine vyote mjomba angebaki navyo. Mteja huyo alikuwa na chesisi mpya, bodi mpya na injini iliyofanyizwa upya kama ya zamani. Alipungukiwa na umri tu. Akishapata namba, gari lake lingekuwa la mwaka wa 1972, nalo lingeuzwa ng'ambo kwa bei ya vitu vya kale. Alitaja fedha ambazo zingelipa karo ya mwaka mzima.

Mjomba aliniita. "Mwalimu," alisema, maana tangu nihitimu haniiti kwa jina, "wewe umesoma. Hili ni jambo la halali?"

Naona haya kuandika nilivyojibu. Nilimwambia, "Mjomba, ni kipande cha bati. Mtoto asome."

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hii itakayobaki hapa, itaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi shuleni na swali lile, likanikosesha usingizi wiki nzima.

Nikaanza kutafuta habari za ukoo wa gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha na chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, ikafungwa kwa bolti juu ya fremu nzito ya chuma. Umaskini ule ndio uliokuwa baraka yake: kila kipande kiliweza kufunguliwa kwa spana na mtu aliyelala chini ya mti. Ilibadilishwa kidogo kidogo, mwaka wa 1990 ikapewa jina la Defender, na ya mwisho ikatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mwaka wa 2019 Defender mpya ilionyeshwa Frankfurt. Hii hutengenezwa Nitra, katika nchi ya Slovakia. Haina fremu ya zamani, bali bodi na mifupa ni kitu kimoja, na amri zake hupitia kwenye kompyuta. Wakati huo huo tajiri mmoja Mwingereza, aliyesikitishwa na kifo cha ile ya kwanza, aliunda gari lenye mabega yale yale na fremu ya chuma, akaliita Grenadier kwa jina la baa moja ya London. Wenye Land Rover walitaka umbo la gari lao lilindwe na sheria, lakini mwaka wa 2020 mahakama ya London ikawakatalia. Basi leo duniani kuna gari lenye jina bila umbo, na jingine lenye umbo bila jina, na kila moja lina watu wanaoapa kuwa ndilo.

Kama ningesema kwamba la zamani ni bora, ningesema uongo. Defender mpya huvuka maji ya kina cha sentimita 90. Ile ya zamani iliahidi 50. Ina mifuko ya hewa na breki zinazojizuia zenyewe zisikwame. Sisi tunaokaa kando ya barabara ile hatuwezi kuzidharau breki. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilianguka kutoka daraja la Nithi, karibu na kwetu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Nilizika mzazi wa mwanafunzi wangu. Tangu siku ile mtu akiniambia kwamba magari ya zamani yalikuwa na roho, namwuliza yalikuwa na breki gani. Land Rover ya mjomba haikuwa na mikanda kwenye viti vya nyuma, na kusimama kwake kulihitaji mguu wenye nguvu na dua.

Lakini yako pia yaliyopotea, wala si upuzi wa wazee. Gari la zamani likiharibika msituni, mjomba alilifungua mwenyewe. Likimshinda, fundi wa Chogoria alipanda na mfuko wa spana. Gari jipya likikataa kwenda humwashia taa dereva na kumwambia aende kwa mwenye kompyuta, naye yuko Nairobi. Aliyenunua la zamani alinunua na ufunguo wa siri zake. Anayenunua jipya huuziwa kitu ambacho nusu ya maarifa yake imebaki kwa muuzaji. Hasara hii huiona hata kwa vijana wangu darasani: hodari wa kuendesha, lakini hawajapata kuona ndani ya kitu wanachokiendesha.

Hata hivyo hilo halikuwa jibu la swali la mjomba. Jibu nililipata katika habari za Jaguar. Mwezi wa Februari 1957 moto uliunguza kiwanda chao huko Coventry, na katika moto ule magari 9 ya aina ya XKSS, kati ya 25 yaliyokusudiwa, yakaharibika. Mwaka wa 2016, baada ya miaka karibu 60, kampuni ile ile ilitangaza kuyatengeneza yale 9 kwa kufuata magari ya awali yaliyosalia. Nilipoanza kusoma nilikasirika, nikadhani nimempata ndugu wa yule mteja wa Nairobi. Kisha nikaona tofauti. Kampuni ilisema wazi kwamba magari yale ni mapya. Anayelinunua hajui kidogo kuliko anayemwuzia. Gari lile ni mtoto aliyepewa jina la marehemu, na watu wote wamo katika utani.

Mteja wetu hakutaka jina. Angelitaka jina, angeandika ubavuni mwa gari lake herufi azitakazo. Alitaka miaka: masika yote ambayo mjomba alisukuma, usiku aliolala msituni akingoja mapambazuko, fedha zilizokwenda Chuka. Hayo ndiyo yaliyoifanya Land Rover kuukuu kuwa ile ile ijapokuwa vipande vyake vilikuwa vya kuokoteza: haikuwapo siku moja ambayo iliacha kuwa gari la mjomba ikawa kitu kingine, na kila badiliko lilifanywa machoni pa watu. Mnunuzi wa ng'ambo angeonyeshwa kitabu na kuamini kwamba chuma kile kimepita kwenye miaka ile, na chuma chenyewe kilikuwa cha juzi. Tena kilichobaki Chogoria kingekuwa kitu kisicho na tarehe ya kuzaliwa, kisichoweza hata kuingia barabarani. Sheria ya nchi yetu hairuhusu kuchezea namba ya chesisi. Lakini nakiri kwamba sheria sikuikumbuka kwanza. Kwanza nilimkumbuka yule bibi na mume wake wa miaka mitatu.

Nilipanda matatu Jumamosi, nikamwambia mjomba kwamba nilimshauri vibaya. Hakuonyesha kushangaa. Alikuwa amekwisha mkatalia yule mtu siku ya pili yake, akangoja tu kuona kama nitarudi.

Karo ilikuwa bado pale pale. Tulikaa chini ya mparachichi tukaandika karatasi yenye habari zote za gari: injini ya nani, milango ya wapi, chesisi imeungwa sehemu gani. Mjomba alipouza alimpa mnunuzi karatasi ile kabla ya kutaja bei. Mnunuzi alikuwa mkulima wa Runyenjes aliyehitaji kubeba ndizi, na baada ya kusoma aliishusha bei, kwa haki kabisa. Fedha zilitosha muhula mmoja na kidogo. Mihula iliyofuata tuligawana mjomba na mimi, na ilinichukua miaka mitatu kumaliza sehemu yangu, kwa kuwa nilijiwekea faini ya ushauri wangu wa kwanza. Binti amehitimu. Mjomba sasa hupandisha wageni kwa Toyota kuukuu yenye mikanda kila kiti, nayo haipendi, na husema hivyo mbele yake.

Mwezi uliopita niliiona Land Rover sokoni Runyenjes. Imepakwa rangi ya kijani, na mlango wa kulia umebadilishwa mara ya tatu. Nilichungulia ndani. Bamba lipo.