Dhahabu Haina Kwao

Hapa Buseresere, dhahabu ikishachomwa haina kwao. Mchimbaji anatoa mawe kwenye duara, yaani shimo la machimbo, karasha linayasaga, unga unaoshwa, zebaki inakamata chembe, moto unaifukuza zebaki, na kinachobaki kinapanda mizani. Mnunuzi haulizi ni duara la nani, wala nani alifukiwa humo mwezi uliopita. Anauliza gramu. Ndiyo maana dhahabu ni mali kamili: hupita mikono mingi bila kubeba habari ya mtu yeyote.

Sasa weka juu ya mizani hiyohiyo chupa ya maji ya jeshi iliyorudi kutoka Uganda mwaka 1979. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataitupia jicho na kutaja bei ya kusikitisha. Lakini tuseme mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyeondoka akiwa mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kuikalia nchi hadi Mto Kagera, ameihifadhi chini ya kitanda kwa miaka zaidi ya arobaini. Wajukuu wanamwambia: Babu, hii ipelekwe makumbusho ya jeshi. Akiitoa, anatoa nini hasa?

Wengi watajibu kwamba anatoa historia. Jibu hilo silikubali. Historia haimo ndani ya bati. Imo katika yeye kujua kwamba siku fulani alikunywa nusu, na nusu akampa mwenzake ambaye sasa amelala makaburi ya Kaboya, kule Muleba. Ondoa kujua huko, na chupa hii haina tofauti na maelfu mengine ya aina yake. Itakuwa kama dhahabu, ila haina bei ya dhahabu.

Lugha yetu inanisaidia hapa. Zawadi ikitolewa, umiliki unahama. Amana ikikabidhiwa, kinachohama ni kitu tu. Haki yake inabaki kwa mwingine. Mzee wetu aliwahi kuimiliki chupa hii kweli? Ilikuwa ya jeshi, na nusu ya maji yake ni ya marehemu. Miaka yote hii alikuwa mtunza amana, na mtunza amana hawezi kuigawa kama zawadi. Anachoweza ni kumkabidhi mtunzaji mwingine, kwa sharti lilelile alilolibeba yeye: kwamba yule mwenzake atatajwa.

Jambo ni zito zaidi kama kilicho chini ya kitanda ni kofia ya askari wa Uganda. Sheria za vita zina neno lake, ngawira, na neno hilo linafunga mjadala haraka mno. Kofia hiyo ilivaliwa na mtoto wa mtu, na huenda kwao wapo ambao hawajawahi kuambiwa aliangukia wapi. Anayeikabidhi ana deni la kusema aliiokota wapi na alimkuta nani chini yake, hata kama kulisema hilo kunamuumiza.

Tunajua kinachotokea deni hilo lisipolipwa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kilidai fuvu lirudishwe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuatilia hadi jumba la makumbusho la Bremen, alikuta mafuvu mengi mno, ikabidi vipimo vitumike kukisia lipi ni lake. Mwaka 1954 lilirudi Kalenga. Mimi huwafikiria zaidi wale waliobaki kwenye rafu. Mifupa yao ilitunzwa vizuri sana, na kila mmoja wao alikuwa na jina.

Najua nyumbani si salama. Kuna mchwa, kuna moto, kuna kijana mwenye njaa anayepita na kitu begani kuelekea kwenye mizani. Mzee akifa bila kusema, kila kitu kinakwisha. Kwa hiyo atoe. Lakini natamani apate mahali panapofanana na makumbusho ya Bujora, Kisesa, ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa, ingawa utemi wenyewe ulifutwa mwaka 1963. Palepale, kila Juni, wakati wa tamasha la Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinakuja kushindana kucheza. Ngoma zile bado zimezungukwa na watu wanaozijua.

Namwona mzee wetu mbele ya meza. Karani anaandika: chupa ya maji, bati, moja. Anainua kichwa, kalamu mkononi. Mzee bado ameshika mkanda wa chupa, anangoja kuulizwa.