Motokaa Mbovu na Dhamiri ya Mwenye Mali

Huenda wengine watashangaa kuona ukurasa huu ukisema leo habari za breki na matairi. Wasishangae. Amri ya Tano ya Mungu haiishii mlangoni pa kanisa. Yatufuata mpaka kituo cha mabasi.

Tutwae mfano, kama wafanyavyo walimu wa maadili. Baba mmoja Mkristo wa Majimoto, mkoani Katavi, ana Toyota Hiace kuukuu. Kwa motokaa hiyo huchukua abiria na magunia ya mchele kwenda Mpanda, akipita Kibaoni na katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mara nyingine hupanda Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga, na kuteremka tena na watu wake. Ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Siku moja mkaguzi wa polisi aipima na kuikataa: breki hazishiki sawasawa, usukani umelegea, matairi mawili yamekuwa kipara. Gharama ya matengenezo yapita akiba yake, na ada ya shule yangoja. Je, afanye nini?

Washauri hawakosekani. Mmoja asema, “Azima matairi mazuri kwa siku ya ukaguzi, kesho uyarudishe.” Wa pili asema, “Toa chochote, upewe karatasi.” Wa tatu asema, “Iuze mbali, wasikoijua.” Na wa nne: “Endesha tu, mzee, ajali haina kinga, na siku ya mtu hupangwa na Mungu.”

Twajibu kwa sheria ya kale sana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Musa aliwafundisha Waisraeli habari za ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu kwa ghafula, mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini kama ng'ombe yule alizoea kupiga, na mwenyewe alikwisha kuonywa wala asimfunge, basi damu ya marehemu ilikuwa juu yake mwenye ng'ombe. Tazameni tofauti: ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe sasa ajua.

Karatasi ya mkaguzi ndiyo onyo hilo. Jana baba yule aliweza kusema, “Sikujua.” Leo hawezi. Tena hakuna karatasi ya kununuliwa iwezayo kumfanya asijue alilokwisha kulijua. Aazimaye matairi adhani amemdanganya mkaguzi. Kumbe mkaguzi hatapanda motokaa ile. Adanganywaye ni mama aliyeketi kiti cha nyuma akimpakata mtoto, aliyelipa nauli yake kwa imani. Naye apokeaye fedha ili aandike uongo ashiriki hatia hiyo, maana ameuza uhai usio wake.

Wa nne tumwambie ya kwamba amemsingizia Mungu. Mungu aliyetupa akili ya kuona tairi limekwisha hakutuamuru kulitumia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, yafundisha ya kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wenzao njiani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, wana hatia kubwa. Je, atakuwa na udhuru gani aliyeonywa kwa maandishi ya kwamba motokaa yake haisimami?

Na kuiuza mbali? Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha ya kwamba muuzaji afichaye kasoro iwezayo kumdhuru mnunuzi atenda dhambi. Neno hili latugusa sote. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza ya kwamba nyingi katika motokaa kuukuu zilizochunguzwa Uholanzi, zikiwa njiani kuletwa Afrika, hazikuwa na cheti halali cha kufaa barabarani. Tuliposikia hayo tulinung'unika, na kwa haki. Lakini sisi nasi, motokaa ikikataliwa mjini, twaipeleka kijijini, ambako wakaguzi ni wachache na barabara ni mbaya zaidi. Tusimlaumu Mzungu kwa tendo tunalomtendea ndugu yetu.

Hatusemi haya kwa wepesi. Si kila kasoro ni ya kufisha, na taa ndogo iliyovunjika haihitaji machozi. Lakini breki, usukani na matairi havingoji mavuno. Baba yule yampasa aegeshe motokaa yake mpaka itengenezwe. Au aiuze kwa kusema kweli yote, hata kama bei itakuwa ya vyuma chakavu. Twajua atapata hasara, na pengine mwanawe atakosa muhula mmoja. Hayo ni maumivu ya kweli. Lakini muhula hurudi. Mama wa mtoto mwingine akizikwa, harudi.

Hata hivyo, tukimwachia yeye peke yake mzigo huo, sisi tuliobaki hatuna haki ya kumhubiria. Twachanga kwa furaha kwa ajili ya harusi, tena kwa kadi na kamati. Mbona Jumuiya Ndogondogo haiwezi kumkopesha jirani fedha za breki, naye akarudisha kidogo kidogo baada ya mpunga kuvunwa? Kwani abiria wake ni sisi wenyewe. Na abiria ajuaye ubovu wa gari, akamhimiza dereva aondoke kwa sababu nauli ni rahisi, asijione hana sehemu katika jambo hili.

Musa aliagiza pia, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ya kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na kuiletea nyumba ile hatia ya damu. Ukingo wa dari haukumzuia mwizi, wala haukumletea mwenye nyumba fedha yoyote. Uliwekwa kwa ajili ya mtu yeyote atakayepanda darini. Breki nzuri ndizo ukingo wetu wa leo. Anayezitengeneza kabla hajawasha motokaa yake amekwisha kumpenda jirani ambaye hata jina lake halijui.