Simamisha Kwanza: Wosia kwa Mwongoza Treni Kijana

Mwanangu, kazi uliyoichagua ni ya kulaumiwa na watu usiowaona. Abiria ataona treni imesimama nje ya stesheni kuu, atatazama saa, atanung'unika. Aliyeisimamisha ni wewe. Ukiwa na sababu, usimwonee haya mtu yeyote.

Stesheni ya mwisho wa reli katika mji mkubwa ina tabia yake. Treni zote huingia na kutoka kwa mlango mmoja. Jukwaa lililojaa haliwezi kupokea mgeni, na treni inayotoka mara nyingi hukata njia ya ile inayoingia. Moja ikichelewa dakika mbili, zilizo nyuma yake zinasota. Kwa hiyo usimkimbilie anayepiga hodi mlangoni tu. Pengine ni heri uitoe kwanza treni tupu iliyokalia jukwaa, maana usipofanya hivyo inayoingia haina pa kwenda. Jizoeze kuiwaza treni ya tatu na ya nne wakati wenzako wanaitazama ya kwanza.

Mtambo wa taa na pointi, yaani reli zinazohamishwa kuielekeza treni njia hii au ile, utakusaidia. Hautakuruhusu kupanga njia mbili zinazogongana, wala hautawasha kijani kabla pointi hazijakaa mahali pake na kufungwa. Lakini dereva akishapita taa nyekundu, mtambo wa namna hiyo peke yake hauwezi kumrudisha. Hapo anatakiwa mtu.

Kumbuka yaliyotokea karibu na stesheni ya Paddington, London, Jumanne ya tarehe 5 Oktoba 1999. Treni ya saa 2:06 asubuhi ilitoka kwenda Bedwyn, huku treni ya kasi kutoka Cheltenham ikiingia mjini. Huko Ladbroke Grove taa namba SN109 ilikuwa nyekundu. Ilikuwa taa ngumu kuonekana, imezibwazibwa na vyuma na nyaya za umeme, na jua la asubuhi lilikuwa likiimulika usoni. Dereva wa treni iliyokuwa ikitoka, aliyefuzu kiasi cha wiki mbili tu kabla, aliipita. Pointi zilizokuwa mbele yake zilikuwa zimelala kuelekea njia ya ile treni ya kasi. Treni hizo mbili ziligongana. Watu 31 walikufa, mamia wakajeruhiwa.

Sasa kitazame chumba cha kuongozea treni za njia hiyo, kule Slough. Kengele ya tahadhari imelia. Kwenye skrini, kipande cha reli ambacho hakikupaswa kuwa na treni kimegeuka chekundu. Waliokuwa zamu walikuwa wamezoea kwamba dereva akipita taa husimama hatua chache mbele, wakangoja waone kama na huyu atasimama. Amri ya kusimamisha ilipotoka, muda ulikuwa umekwisha. Mazoea yana taabu, mwanangu. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen haukuishia kwa waliokuwa zamu. Ulifichua pia ulegevu wa usimamizi na upungufu wa mafunzo.

Nakuusia mambo matatu.

La kwanza, pointi usiyoihitaji kwa sasa, na ambayo kanuni inakuachia uamuzi, ielekeze upande usio na treni. Fikiri kabla: huyu akinipita bila ruhusa, ataangukia wapi?

La pili, ukiona dalili, simamisha. Rudisha taa za jirani ziwe nyekundu, toa wito wa dharura, kisha ndipo uulize kumetokea nini. Fanya zoezi hilo siku za utulivu mpaka mkono uujue mwendo wake, kwa sababu katika sekunde zile hutapata nafasi ya kufungua kitabu cha kanuni.

La tatu, andika ripoti. Taa ile ya SN109 ilikuwa imekwisha kupitwa ikiwa nyekundu mara 8 tangu 1993. Watu walijua, karatasi zilikuwepo, na taa ikabaki palepale. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ladbroke Grove ukuta ulijengwa kwa maisha ya watu. Ukiripoti usijibiwe, ripoti tena, na uweke nakala.

Usiniambie kwamba hayo ni ya zamani. Kweli, baada ya ajali ile Uingereza ilifunga vifaa vinavyoshika breki vyenyewe treni inapopita taa nyekundu. Hapa kwetu pia, tangu treni za umeme zianze safari kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, mitambo ni ya kisasa. Shukuru kwa hilo. Ila kila mtambo una siku ya kuharibika, na siku hiyo utaongoza treni kwa simu, kwa kanuni na kwa neno lako.

Utakuja kusimamisha treni, halafu ibainike kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Abiria watachelewa, na bosi atataka maelezo. Mpe kwa adabu, bila kujitetea kupita kiasi, na kesho ukiona dalili ileile, simamisha tena.